Majina ya Kutikisia Maziwa

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu huko Columbus. Sisi hapa Louisville tunaendelea, Mungu anatulinda. Mjomba wako wa Buffalo anasema theluji imefunika gari lake tena.

Umeniandikia kwamba rafiki yako wa chuo amefuata ukoo wake mpaka kwa Waskoti waliotoka Ayalandi, wakati Amerika bado inatawaliwa na Waingereza. Majina yote yako kwenye Biblia ya zamani. Unauliza, sisi je, tunafika wapi?

Bon, basi, kwetu milimani hatukuandika. Nilipokuwa msichana, kila asubuhi nilitikisa maziwa kwenye kibuyu ili nipate siagi, na babu alinifundisha majina hapo hapo. Kibuyu kikienda mbele, nilitaja mwanaume mmoja. Kikirudi, baba yake. Nilijua kumi na moja. Mpaka leo natamani kusikia yale maziwa.

Siku moja nikamuuliza babu, "Na mama zao?" Bibi, aliyekuwa anafagia zizi, akasema, "Tikisa, siagi haitashika." Nikatikisa. Hata jina lake mwenyewe sikumuuliza. Tulimwita Koko tu, yaani bibi, na tulimzika tukimwita Koko.

Wale kumi na moja nitakutajia kwenye simu. Lakini na wewe unaniita Koko, kwa hiyo anza na haya: naitwa Nyamwiza, mama yangu aliitwa Mapendo. Kwa mama ya baba yangu, yule Koko wa zizini, acha nafasi.

Koko wako