V8 ya Shemeji

Jumatano usiku

Itangazwe kote Elerai: kigari changu kimepandishwa cheo. Leo kilimbeba mume wa dada yangu, mwenye V8 ya kifahari, hadi Usa River. Ati yake inakunywa mafuta mno.

Jioni karudi na funguo tu. Kigari kimezimika njiani, tanki kavu.

"Shemeji, mimi nilijua hivi vidogo havinywi kabisa."

Havinywi. Na kesho asubuhi mama ana miadi ya macho, aliyoisubiri miezi miwili. Nikamwambia shemeji basi ampeleke yeye, kwa V8 yake.

"Ile? Mafuta yaliyomo ni ya kuiwasha asubuhi, majirani wasikie."

Dada naye, nikimwambia, atamtetea tu.

Mama ameshampigia mtu wa bajaji.