Mizizi Niliyorithi kwa Babu

Babu mume wangu, shikamoo!

Kariakoo mihogo ya kukaanga iko kila kona, nami naila kwa macho tu. Daktari kaangalia picha: nyaya zimeninyoosha meno kama rula, ila mizizi yake inayeyuka.

"Wengine mizizi yao haivumilii kuvutwa, na mara nyingi hurithiwa. Kwenu yupo mwingine?"

Nikamtaja Shangazi Tatu, aliyelegea meno akiwa na nyaya, ukoo mzima tukasema jirani kamroga.

"Basi tusimame kuvuta, dada, yasije yakang'oka."

Asante, babu. Baba wadogo uliwapa mashamba, mimi mizizi. Mdogo wangu Rehema asifungwe nyaya kabla daktari hajaambiwa haya. Na yule jirani mpelekeeni kuku, mkamwombe radhi.

Nakupenda, kibogoyo wangu.

Mkeo, Asha