Nguzo Nyuma ya Kabati

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua kimekuachia. Mwambie wifi gauni lake limebaki kutiwa vifungo tu, asije akanisema. Sisi huku hatuumwi, ila usingizi umetuhama.

Umenipigia simu mara tatu kuuliza jambo lile lile: mkaguzi wa manispaa aliingiaje nyumbani kwako wakati ulikataza mlango usifunguliwe? Kwenye simu hunipi nafasi. Ukipandisha sauti nami napandisha, mwisho tunakatiana. Bora niandike.

Siku ya kwanza alikuja peke yake, kalamu sikioni, akasimama mlangoni mwa chumba changu cha kushonea. Akaonyesha kitambulisho, akasema ameona ufa ukutani akiwa barabarani, na anaomba kuingia. Aliomba, Kaka, hakuamuru. Nikamjibu kama ulivyonifundisha, kwamba mwenye nyumba yuko mbali. Akasema si lazima mwenye nyumba, hata anayekaa humo anaweza kumruhusu. Nikakataa, naye akashukuru, akaenda zake. Nilijiandaa kwa ugomvi. Ule upole wake ndio ulionitisha.

Kesho yake akaleta notisi kwamba angerudi baada ya siku moja. Nilikusomea yote, ukacheka, ukasema karatasi haivunji kufuli. Aliporudi alikuta kufuli kweli, nami nimejibanza ndani, cherehani nimeizima. Akagonga. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayejua kuna mtu, kwamba yeye hana ruhusa ya kuvunja mlango. Ila hakimu anaweza kumpa kibali, mradi apatikane mtu aliyeona kwa macho yake kilichomo humo na aliye tayari kuapa.

Wiki iliyofuata akaja na askari na karatasi yenye muhuri wa mahakama. Alinisomea mstari kwa mstari: waingie mchana tu, chumba cha chini tu, wasiguse kisichohusika. Nikafungua kufuli. Wakaenda moja kwa moja kwenye kabati la vitambaa, wakalisogeza, wakang'oa ule ubao ulioupigilia. Unajua walichokikuta. Mkaguzi akateremsha timazi, ile kamba yenye uzito wa chuma, kutoka darini, akapima, akapima tena, wala hakuandika chochote. Akamwambia askari awashushe wapangaji wa juu mmoja mmoja, polepole, na mtu asikimbie kwenye ngazi. Nilisimama uani nikiwahesabu wanavyotoka. Mke wa fundi saa alikuwa wa mwisho, nami nilikuwa nimeshaanza kulia.

Hakuna aliyeumia. Dari sasa limeegemezwa kwa vyuma, na mkaguzi amesema nguzo ikijengwa upya wapangaji watarudi. Wote, isipokuwa fundi saa, maana wewe umempa siku saba aondoe vitu vyake kwa kuamini kuwa ndiye aliyeapa.

Kaka, mzee wa watu hajui lolote. Ni kweli alilalamika. Zile saa zake za ukutani, zenye kidude kinachoyumba, alikuwa akiziweka sawa Jumatatu, ikifika Alhamisi zimesimama. Alidhani uzee umemharibia mikono. Hakujua kwamba ni sakafu inainama. Waliojua kulikuwa na nini nyuma ya kabati ni wawili tu: wewe uliyeshika nyundo Jumapili ile mchana, na mimi niliyebeba ndoo za kifusi, nikicheka kwa furaha kwamba hatimaye meza yangu ya kukatia itaenea.

Ni mimi niliyeapa.

Nilivaa gauni langu la bluu, nikaenda mahakamani, nikamweleza hakimu tulichokifanya. Ningeweza kumfungulia mkaguzi mlango siku ya kwanza, mambo yakaisha. Lakini nilikuahidi sitaufungua, nikajidanganya kwamba kuapa si kufungua. Kiapo kilibaki kwenye faili, jina langu halikusomwa mlangoni. Mkaguzi alinisomea kibali kilichotokana na maneno yangu mwenyewe, nami nikajifanya nashangaa. Nimeendelea kujifanya hadi leo. Naona aibu, Kaka, na bado nakuogopa.

Leo asubuhi fundi saa alikuwa akipanga saa zake kwenye masanduku. Aliniuliza nadhani amekukosea wapi, ili akuombe radhi. Nikarudi ndani kuandika barua hii.

Mwache arudi atundike saa zake. Ulitaka kumjua mtu wa kufukuza, umeshamjua. Ufunguo wa chumba cha kushonea nimeutia ndani ya bahasha hii. Jumamosi nitakuwa nimeshatoa cherehani.

Wasalimie watoto, na wifi nitamletea gauni lake mwenyewe, kama bado mtanifungulia mlango.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemkatia nguzo apate nafasi.