Chokaa kwenye Ukuta wa Ghala

Jumatatu, 18 Aprili 1994

Mwalimu mkuu kaniita ofisini. Kesho wanakuja walimu wa sanaa saba kutoka Mbeya, wanataka kutembezwa mjini kuona michoro ya ukutani. Nani awatembeze? Mimi! Eti kwa sababu mingi kaichora mume wangu. Nimekubali hata hajamaliza kusema.

Njia nimeshaipanga: kanisani, kliniki, hotelini, mwisho ghala la zamani la ushirika. Pale ndipo penyewe. Ezron aliuchora ukuta ule mwaka 1975, miezi mitatu — wachuma chai, muuguzi, mkulima wa ndizi, wote watu halisi wa hapa. Wa kwanza kushoto, mwenye kikapu mgongoni, ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja!

Nimemwambia Ezron tukiwa tunakula. Akaacha kutafuna. Akasema tuishie hotelini, njia ya ghalani ina matope. Matope! Tukuyu hii, wapi hakuna matope!

Jumanne, 19 Aprili 1994



Kanisani vizuri. Kliniki vizuri. Hotelini vizuri. Mwalimu Aika, mama mmoja mcheshi, anapiga picha kila kitu. Nikajisifu. Nikawaambia bado, subirini mwone. Tukakata kona.

Ngazi. Mtu juu ya ngazi, ndoo ya chokaa, brashi. Nusu ya ukuta nyeupe pe!

Nikapiga kelele, wewe, nani kakuruhusu! Akageuka.

Ezron. Mume wangu. Chokaa mpaka kwenye nyusi.

Upande wa kushoto hakuna kitu. Kikapu, mkono, uso — vyote vimefutwa. Aika akauliza taratibu, huyu ndiye fundi mpya? Sijui nilijibu nini. Nadhani nilisema ndiye.

Jumatano, 20 Aprili 1994

Chai ya asubuhi. Ndipo akafunguka. Ghala limeuzwa. Mwenyewe sasa ni Bwana Nsajigwa, anataka tangazo la sabuni ukuta mzima. Ezron kapewa kazi hiyo tangu wiki iliyopita.

Kwa nini hukuniambia? Akakoroga chai.

Kwa nini ukubali wewe? Akasema angeletwa kijana wa Mbeya, na yeye asingevumilia kuona mkono wa mtu mwingine ukipita usoni pangu.

Kwa hiyo ukaanza na mimi!

Akasema ndiyo. Ningekuacha mwisho, nisingeweza.

Nimeondoka bila kumaliza chai. Darasani nimeandika tarehe ya jana ubaoni. Watoto wamecheka.

Alhamisi, 21 Aprili 1994

Mvua imenyesha tangu jana mchana mpaka alfajiri. Saa moja nimeshavaa, daftari la maandalio kwapani, bibi Atupakisye kagonga mlango anahema. Alikuwa mchuma chai, naye yumo ukutani. "Mwalimu, tumetoka! Njoo uone, tumetoka!"

Nimekimbia. Chokaa yote imeporomoka, mtaroni kunatiririka kama maziwa. Na sisi tupo! Wote! Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta — hata mimi najua hilo, sembuse fundi wa miaka ishirini. Nimemtazama Ezron. Ulijua? Midomo inamcheza. Alijua! Mungu wangu — au hakujua?

Watu wamejaa. Wanaoneshana, yule marehemu mjomba, yule muuguzi wa hospitali ya Igogwe.

Halafu Bwana Nsajigwa kafika na makopo mawili ya rangi nyeupe. Ya mafuta. Hajagomba hata kidogo, na hilo ndilo linanitisha. Kasema, fundi, leo utatumia hii, na mimi nakaa hapa hapa. Kavuta stuli ya fundi viatu, kaketi.

Ezron kafungua kopo. Kakoroga. Anakoroga bado, muda wote huu ninaoandika humu kwenye daftari la maandalio, nimesimama barazani ng'ambo ya ghala. Bibi Atupakisye kashika upindo wa gauni langu.

Sasa kaiegemeza ngazi. Kushoto. Ananiita, sauti ya kawaida kabisa, kama anaomba chumvi: "Mama Gloria, njoo unishikie ngazi."

Watu wote wamegeuka kunitazama. Yeye haangalii rangi, wala Nsajigwa. Ananiangalia mimi, na mguu mmoja uko juu ya ngazi. Nafunga daftari, nakwenda kuishika.