Majibu ya Damu

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila macho yangu ndiyo hayo, siku hizi uzi kwenye sindano natungiwa. Mimi nasema, mdogo wako anaandika, na ameapa hataongeza chumvi. Mkono wa kalamu bado unamtii. Mabega ndiyo yaliyogoma, kijiko namsaidia kukiinua.

Daktari ameniita. Kasema ugonjwa huu unaokula misuli hupitia kwa mama, ukawaangukia watoto wa kiume. Kwa hiyo niliyempa ni mimi. Nililia mbele ya mdogo wako, naye akasema hata pua hii nilimpa mimi na hajawahi kulalamika.

Wewe nawe huenda umeubeba. Hutaumwa, lakini wanao wa kiume wanaweza kuumwa. Kapime kabla ya harusi, na majibu yakitoka niandikie siku hiyo hiyo.

Mama yako

19 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, napiga pasi mashuka ya hoteli kama kawaida, jioni mgongo unanidai. Mwambie mdogo wangu mwandiko wake umekuwa wa daktari, hausomeki.

Leo nimetolewa damu. Majibu yatachukua wiki kadhaa. Mchumba wangu sijamwambia, nasubiri kwanza nijue la kumwambia. Usijilaumu, Mama. Hukujua.

Mwanao

27 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hali yako? Sisi tupo. Barua hii anaiandika jirani yetu mwalimu, kwa sababu sitaki mdogo wako aisikie.

Majibu yalipaswa kuwa yametoka zamani. Kimya chako nimekielewa, habari njema haikawii njiani. Pole, mama. Nimekupa na wewe.

Kaka zangu wawili walikufa vijana, tukaambiwa ni miguu dhaifu tu. Wazee walijua, wakaninyamazia mpaka nikaolewa. Sikutaka dhambi hiyo ijirudie. Juzi nilikwenda kwa wazazi wa mchumba wako nikawaambia umeubeba ugonjwa. Walinisikiliza kwa heshima, wakanipa na chai. Jana wametuma mtu kusema harusi haipo tena. Nilidhani natenda haki, na sasa usingizi hauji.

Mama yako

5 Julai

Mama,

Shikamoo. Barua hii nampelekea mwalimu, akusomee mkiwa wawili tu.

Mama, mimi sina. Majibu yalitoka Mei. Daktari alinipa mkono wa pongezi, nami nikaenda kujifungia stoo ya mashuka nikalia. Kila nilipoanza kukuandikia kwamba nimesalimika, nilikumbuka kuwa atakayekusomea ni mdogo wangu. Ningewezaje kumfanya asome kwa kinywa chake kwamba mimi nimeponyoka na yeye ndiye aliyeangukiwa? Tumbo moja, nyumba moja. Nikanyamaza, na kimya changu ndicho kilichokupeleka kule. Kosa ni langu.

Usirudi kwa wale wazazi. Mchumba wangu alikuja jana, nikamwonyesha majibu. Akashusha pumzi, akasema basi tupange tarehe nyingine. Nikamuuliza, "Na kama ningekuwa nimeubeba?" Akaangalia viatu vyake. Kisha akaondoka, na tarehe sijampa.

Mwanao

16 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mwalimu amesafiri, barua yako ikaachwa kwetu. Mdogo wako aliujua mwandiko, akaifungua na kuanza kunisomea kama siku zote. Nilipogundua ni barua gani, alikuwa ameshapita pa kusimamishwa.

Aliisoma yote, hata pale pa stoo. Kisha akarudi juu akasoma tena, "Mimi sina." Nikamwomba msamaha, wangu na wako. Akaniuliza kama kweli yalitoka Mei. Nikasema ndiyo.

Akasema, "Tangu Machi naomba dada asiwe nao. Mei nzima naomba, Juni nzima naomba, kumbe nilishajibiwa. Katika haya yote hicho ndicho kitu kimoja ambacho ningekifurahia, na nyie mmenificha."



Habari ya mchumba uamue mwenyewe. Mimi nimeshaamua mengi mno.

Hii pia ameiandika yeye. Nimemwambia akutumie salamu zake hapa mwishoni. Hakuziandika; amesema niseme tu jina la kuweka chini, afunge bahasha.

Mama yako