Ulezi wa Mwazye, Kura za Sumbawanga

Jumanne, 11 Juni 2024
Nimefika Sumbawanga salama. Baridi! Nilishasahau upepo wa Juni wa huku kwetu. Mwaka huu mkutano mkuu wa chama chetu cha wanasayansi wa siasa unafanyika hapa, na Jumamosi tunachagua mwenyekiti. Tumebaki wagombea wawili. Raymond, anayenipigia debe, anasema kura ninazo — hotuba yangu ya amani kati ya wakulima na wafugaji ndiyo itamaliza kazi. Miaka ishirini ya utafiti. Kesho kijijini kwetu Mwazye, kumsalimia mama.

Jumatano, 12 Juni
Niandike ilivyokuwa.

Nilimkuta mama peke yake. Akasema ng'ombe wa Mayunga wameingia tena kwenye ulezi wetu, na mdogo wangu Alois ametoka na wenzake, wana mapanga. Nikakimbia na viatu vyangu vya mjini.

Mayunga namfahamu. Msukuma, alihamia huku zamani. Yeye na mkewe Minza niliwahoji kwa ajili ya kitabu changu. Walinipa maziwa.

Ulezi ulikuwa umelala wote. Wanaume walikuwa wanawakata ng'ombe miguu ya nyuma. Ng'ombe anakaa chini kama mbwa, analia, hawezi kuinuka. Sikujua ng'ombe ana damu nyingi vile. Mayunga akaja mbio na fimbo, akampasua mwanaume mmoja kichwa, wenzake wakamzingira. Nikasema, "Alois, acha." Sauti ya semina! Alois akageuka. Aliniona kabisa. Ndipo akashusha panga, shingoni. Mara mbili. La pili Mayunga alikuwa ameshaanguka.

Minza akafika, akamlalia mumewe. Wakampiga na yeye mateke. Mimi nimesimama tu. Profesa.

Alhamisi, 13 Juni
Mayunga amefia njiani, kabla ya hospitali. Ndugu zake wamelipiza — nyumba tatu zimechomwa, mzee Timoth, jirani yetu, amevunjwa taya. Hata panga hajawahi kumwinulia mtu. Nimemleta mama mjini. Hali chakula. Amesema neno moja tu siku nzima, kwa Kifipa: kwamba Alois nilimbeba mimi mgongoni, akiwa mtoto.

Ijumaa, 14 Juni
Polisi wamekamata watu kumi na mmoja, Alois akiwemo. Kijijini hakuna aliyeona kitu.

Raymond anashauri ninyamaze mpaka uchaguzi upite. Halafu akasema tukio hili linaipa hotuba yangu uzito, niligusie bila majina. Nikamkatia simu. Hasira yote hiyo — na aya ya kuligusia tukio nilikuwa nimeshaiandika asubuhi.

Mchana nilikwenda wodini kwa Minza. Mbavu zimevunjika, anapumua kwa vipande. Nikampa pole. Akasema, "Mama, wewe ulikuwepo."

Basi. Akageukia ukutani.

Jumamosi, 15 Juni
Saa nne na nusu asubuhi. Niko kituo cha polisi, kwenye benchi. Ukumbini wagombea wanajieleza saa tano. Raymond amepiga mara tisa.

Afande Kalista amenipa karatasi ya maelezo. Ameniambia wazi: kati ya wale kumi na mmoja hakuna anayemtaja aliyemkata Mayunga, Minza alifika panga limeshashuka, na bila shahidi hawana kesi ya kumsimamisha mtu mahakamani. Nimejaza jina, Otilia. Umri. Kazi. Kisha nikaandika "Nilimwona", nikashindwa kuendelea. Afande ameitwa chumba cha pili, ndipo nimetoa daftari hili.

Wamewapitisha mahabusu wakanawe uso. Alois wa tatu kwenye mstari, peku, jicho limevimba. Aliponiona alitabasamu, nikamwona kama alivyokuwa akiwa na miaka minne.

"Dada," akasema, "niliwaambia utakuja kunitoa."

Wamempitisha. Afande Kalista amerudi, amevuta kiti. Anauliza nilimwona nani.