Gari Yako Haikuchukia Lami

Nzioka, mwana wa mwaitu, mtoto wa mama yangu,

Gari imewaka. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu nakujua, hungesikia habari ya mtu yeyote kabla hujauliza hiyo Moris yako. Imewaka kwa ufunguo, kwenye uwanja tambarare, bila mtu kuigusa. Sasa kaa vizuri huko uliko nikueleze polepole, maana habari hii ina mahali utaona aibu kidogo, na mimi nimengoja sana kukuona ukiona aibu.

Huku kijijini Tulia tuko salama. Mvua ilinyesha vizuri na mbaazi zimebeba. Mimi bado nashona pale kwenye kibaraza changu sokoni. Nimenenepa, na cherehani yangu imeanza kulia kama mimi ninapopanda kutoka mtoni. Na Mwende ameolewa. Ndiyo, binti yako. Amechukuliwa na kijana wa Kalamba, mpole, mwalimu wa hesabu, ambaye alicheka mzaha wangu wa kwanza hata kabla sijaumaliza, nikampitisha hapo hapo.

Lakini arusi hiyo nusura ikupotezee gari.

Tulipokuzika, Moris ilibaki nyuma ya ghala. Kuku mmoja aliingia kwa dirisha lile lisilofunga, akafanya kiti cha nyuma kuwa chumba chake cha kutagia. Wifi Mbithe hakutaka hata kupita upande huo. Nilidhani ni uchungu, na ulikuwa uchungu kweli, lakini pia ilikuwa hasira ya miaka. Mke wako amesukuma gari hiyo akiwa na Mwende mgongoni. Ameisukuma na viatu vya kanisani mkononi. Siku ile ya Mbumbuni, ulipokuwa umebeba machungwa na mvua ikatukuta, aliisukuma hadi magotini akawa matope matupu, na wewe ukachungulia dirishani ukamwambia, "Mama Mwende, ongeza kidogo, inakaribia." Alinikumbusha hiyo "inakaribia" juzi tu. Bado haijapoa.

Basi akaja mtu kutoka Mbumbuni akitaka ekseli, kile chuma cha kubeba magurudumu, atengenezee mkokoteni wa punda. Wifi akaona afadhali. Mwende naye akasikia, akaja kwangu na macho mekundu, akasema anataka kupelekwa kanisani na gari ya baba yake, hataki ingine. Tukaenda wote wawili kwa mama yake. Wifi alikuwa anapepeta pojo, na hakusimamisha ungo.

"Mtoto wangu hafiki kanisani akisukumwa kama gunia," alisema. "Iwake yenyewe, ama iende ikavutwe na punda."

Mtu wa ekseli aliambiwa arudi baada ya arusi. Huo ndio muda niliopewa, mimi ambaye kazi yangu kwa hiyo gari, tangu ianze ugonjwa wake, ilikuwa moja tu. Nilikuwa starta yako. Nilisukuma upande wa kushoto, kwa sababu upande wa kulia ulikuwa wa wazee wa kanisa.

Unakumbuka kanisani? Ulikuwa unaiacha kwenye mteremko ikitazama chini, na bado mteremko haukutosha. Mchungaji alizoea mpaka akaiweka ndani ya ibada. Akishatoa baraka, kabla watu hawajainuka, alikuwa anasema kwa sauti ile ile ya baraka, "Na wenye nguvu wakutane kwa Nzioka." Wageni walikuwa wanafikiri ni mkutano wa maombi. Walikuja na Biblia, wakapewa bampa.

Nilianza na fundi Kioko wa Kitui, yule mrefu uliyekuwa unamwita Ngazi. Alikuja kwa heshima yako, akafungua boneti, na kama kila mtu alicheka kwanza. Rangi ya buluu ya madirisha ya kanisa, kila mahali. Hukuacha kitu, Nzioka. Ulipaka milango, ulipaka ndani ya boneti, ulipaka hata pale ambapo ni mjusi tu anaweza kuona. Kioko akaacha kucheka akaanza kazi. Mkanda wa feni alisema uko sawa, haujalegea. Betri akaipeleka Kitui ikachajiwa, ikakaa na moto wake wote wa umeme, haikuvuja. Dainamo aliitoa akaifunga kwenye gari ya mteja, taa zikawaka vizuri. Kwa hivyo betri nzima, dainamo nzima. Lakini akivirudisha kwa Moris na kuiwasha, ile taa nyekundu ya chaji pale dashibodi inabaki inatukodolea macho, hata akikanyaga mafuta. Dainamo inazunguka, inatoa moto wake, na moto haufiki kwa betri. Gari inawaka siku mbili tatu kwa ile chaji ya Kitui, halafu inarudi kuwa ya kusukumwa.

"Mama," Kioko aliniambia akipangusa mikono, "hii mimi nimefika mwisho."

Nilirudi kwa cherehani yangu nikashona gauni la bibi arusi nikiwa nimenuna. Nilishona mkono mmoja ndani nje, nikaufumua. Na nilipokuwa nafumua nikakumbuka maneno yako.

Ulikuwa na imani yako kwamba hiyo gari haipendi lami. Tukitoka Tulia kwa ile barabara yetu ya mawe, taa nyekundu inazima, inawaka, inazima tena, na wewe unapiga mluzi. Tukifika lami ya kwenda Machakos, inawaka na kukaa. "Hii ni gari ya shamba," ulikuwa unasema, "ukiipeleka kwa lami inanuna." Tulikuamini. Uliieleza mpaka kwa wazee wenzako, na wao wakakubali wakitikisa vichwa, wakasema hata wao lami inawachosha. Kwa ajili ya imani hiyo ulikuwa unazunguka njia ya vumbi kwenda Kitui, sisi tunafika tukiwa na rangi ya mchanga hadi kwa kope.

Lakini mshonaji akiona uzi unashika ukiguswa na kuachia ukitulia, hasemi kitambaa kina tabia. Anajua kuna mahali uzi haujafungwa. Nikajiuliza, barabara ya mawe inaifanyia nini gari ambacho lami haifanyi? Inaitikisa. Kuna kitu kinatingishwa, kinagusana, halafu kinaachana.

Kesho yake nilienda kwa ghala na mwiko wa sima. Usicheke. Mwende akaingia, akawasha kwa ile chaji ya Kitui iliyobaki, nikamwambia akanyage mafuta kidogo na asiondoe macho kwa taa. Mimi nikaingiza kichwa ndani ya boneti na kuanza kugonga, kitu kimoja baada ya kingine, polepole kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Nikagonga dainamo. "Inawaka, shangazi," Mwende akasema. Nikagonga waya za betri, bado inawaka. Nikagonga kile kisanduku cheusi kwa ukuta wa nyuma ya injini, katauti, kinachoruhusu moto wa dainamo uende kwa betri.

"Imezima," akasema. Halafu, "Imewaka tena."

Nikagonga tena. Ikazima. Nikaweka mwiko chini, nikainama kukitazama vizuri.

Kwa kile kisanduku kunatoka waya fupi nyeusi, imefungwa kwa bodi ya gari na skrubu moja, ili moto upate njia ya kurudi. Bila hiyo njia, kisanduku hakifungui mlango. Kioko alikuwa ameona skrubu imekazwa akaridhika. Nilimwambia Mwende azime, nikaifungua. Nyuma yake, mwana wa mwaitu, palikuwa na buluu ya kanisa, nene, laini, bila hata mkwaruzo. Uliitoa skrubu ukapaka, rangi ikakauka, ukairudisha juu ya rangi. Na moto haupiti kwa rangi. Miaka yote hiyo chuma kilikuwa kinatafuta chuma, na kati yao kuna upendo wako wa usafi.

Nilikwangua kwa wembe wangu wa kufumulia, sehemu isiyozidi kifungo cha shati. Nikafunga. Mwende akawasha, akakanyaga, na ile taa ikazima kabisa, ikakaa imezima, na gari ilikuwa imesimama palepale kwenye vumbi, bila jiwe hata moja la kuisaidia.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa na maneno ya kukuambia, mengine si ya barua. Halafu Mwende akauliza uliipaka lini, nikamjibu bila kufikiri. Ni wiki ile alipowekwa wakfu akiwa mchanga. Rangi ilibaki baada ya madirisha ya kanisa, ukasema binti yako hawezi kupelekwa mbele za Mungu na gari ya kijivu. Ukaifungua kila skrubu uliyoweza kuifikia. Kabla ya hapo gari ilikuwa inawaka vizuri. Mwende akashuka. Alishika lile boneti la buluu kwa muda, mkono wote, kama anapima joto. Nami sikucheka tena.

Siku ya arusi Kioko aliendesha. Kuku alikuwa amehamishwa, lakini hakukubali kwa moyo. Bibi arusi alifika kanisani kwa ufunguo, na Wifi akatembea kando akiwa na viatu vyake miguuni, akiangalia kila mtu. Baada ya ibada gari ilikuwa imeegeshwa mahali tambarare, kwa makusudi, na wazee wakatoka wakajipanga nyuma kwa mazoea, mikono tayari kwa bampa. Kioko akazungusha ufunguo. Ikawaka mara moja. Wazee wakabaki wamenyoosha mikono hewani. Mmoja alikasirika kabisa, akauliza, "Sasa sisi tufanye nini?"

Mwende akamwambia Kioko azime.

"Baba alisukumwa," alisema. "Nisukumwe na mimi."

Nilimtazama Wifi, nikajua arusi imeharibika. Halafu akainama, akavua viatu, akanipa nivishike, akaenda upande wako wa kulia kati ya wazee. Tukasukuma, Nzioka. Mimi kushoto, viatu vya mke wako chini ya kwapa. Na gari ilipokaribia kuwaka nilimsikia akisema, si kwa sauti ya kusikiwa na mtu, "Inakaribia, Baba Mwende. Inakaribia."

Mtu wa ekseli alirudi. Wifi alimpa chai, akamwambia punda wake atafute gari ingine.

Lala sasa. Rangi yako sitaigusa, isipokuwa hapo kwa kifungo, na hapo nitapakwangua kila mvua kabla kutu haijarudi kufanya kazi uliyoifanya wewe. Na Jumapili nitamwambia Kioko aipitishe kwenye lami, tuone kama itanuna.

Dada yako wa upande wa kushoto,
Syombua